Mahari Ambayo Sikuipokea

Waliokuwepo siku ile ni hawa. Mimi, nimekaa kwenye kiti ambacho baba angekikalia kama angekuwa hai. Dada yangu anayenifuata, ambaye alikuwa chumbani na mlango umefungwa, akingoja kuitwa. Mdogo wetu wa mwisho, wa kiume, aliyepokea makoti mlangoni na kuyarundika juu ya kitanda changu. Mama mdogo, ndugu wa mama yetu, aliyetoka Molenbeek na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, aliyoifunga kwa kitenge ili isimwagike kwenye metro. Papa mmoja, mzee wa kikundi chetu cha sala, aliyekubali kuwa msemaji wa upande wetu. Kwa upande wao alikuwepo mjomba wa bwana harusi, tonton kama tunavyowaita, ambaye ndiye msemaji wao, wanawake wawili waliobeba mabeseni yaliyofunikwa vitambaa vyeupe, na bwana harusi mwenyewe, amevaa suti ya kijivu na kuweka mikono juu ya magoti kama mtoto mwenye adabu.

Kulikuwa na mwanamke mwingine ambaye hakuwepo pale, na katika chumba kile ni watu wawili tu tuliojua kwamba yuko hai: mimi na yule mwenye suti ya kijivu. Alikuwa katika nyumba ambayo anwani yake haitajwi, yeye na mtoto wake mdogo. Alikuwa mke wa bwana harusi. Wengine wote waliamini kwamba alikufa zamani.

Nieleze kwanza nilivyofika kwenye kiti kile.

Baba alikuwa fundi wa reli Lubumbashi. Alikufa yeye kwanza, na mama akamfuata kabla hatujavua nguo za msiba. Ndugu walikuja kugawana vyombo. Hakuna aliyekuja kugawana watoto. Niliacha shule mwaka ule ule, nikauza mikate asubuhi na makaa jioni ili wadogo zangu wawili wasiache zao. Mama mdogo, aliyekuwa ametangulia Brussels, alihangaikia karatasi zetu mpaka akatuleta mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilifika nikiwa msichana mkubwa asiye na cheti chochote. Niliosha vyombo katika mkahawa mmoja wa Matonge, mtaa wa Wakongo, nikafagia ofisi karibu na Porte de Namur, na nilipokwenda kwenye ofisi ya wageni kuhusu ukaazi wetu, wakili aliyetusimamia alisema maneno machache tu, kwa sauti ya chini, na yule afisa ambaye hakuwa ametutazama tangu tuingie akainua kichwa akatutazama. Nilitamani kujua maneno ya namna hiyo hufundishwa wapi.

Nilifanya mitihani ya wale wasiomaliza shule, nikashindwa, nikairudia. Kisha nikaingia masomo ya sheria ya jioni. Dada yangu alipopata kazi katika nyumba moja ya wazee kule Uccle, kazi ya kuwaogesha na kuwalisha, aliniambia niache mafagio. Alikuwa anataka kusomea uuguzi kamili, na alikuwa ameshachukua fomu. "Soma wewe kwanza, yaya," alisema. Sisi wa Lubumbashi humwita hivyo ndugu mkubwa, awe mwanamume au mwanamke. "Mimi nitashika nyumba. Ukimaliza, utashika wewe."

Alishika nyumba miaka yote ya masomo yangu. Fomu zake zilikaa juu ya kabati mpaka zikabadilika rangi.

Nilikula kiapo katika Palais de Justice, jumba la mahakama, chini ya dari ndefu inayofanya kila mtu aonekane mdogo, na nje mavyuma ya mafundi yakiwa yamelizunguka jengo kama yalivyolizunguka tangu kabla sijafika mji huu. Kuapa hakukufanyi wakili kamili. Unakuwa mwanagenzi kwa miaka mitatu chini ya wakili mzoefu, unafanya mitihani, unatoa ushauri wa bure kwa wasio na uwezo, na mwishoni, kama mlezi wako ameandika kwamba unafaa na baraza la mawakili limekubali, jina lako linaandikwa kwenye orodha ya mawakili wenyewe. Mlezi wangu alikuwa mwanamke wa Kibelgiji aliyekaribia kustaafu. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya kwanza huko Ixelles, juu ya dobi, kwa hiyo kesi zetu zote zilinuka mvuke na sabuni. Tulikuwa mawakili watatu pamoja nami, na katibu mmoja wa nusu siku.

Alinituma mahakamani kila asubuhi kusimama badala ya mawakili wengine na kuomba kesi ziahirishwe. Nilijifunza kumtafuta wakili wa upande wa pili kabla ya hakimu kuingia, kumpa mkono, kumwambia nitakachosema. Lakini somo la kwanza kabisa alilonipa lilikuwa la mlangoni. Alisema siri ya mteja si ya wakili, ni ya mteja; mimi ni sanduku tu. Na ili nisisahau, aliniwekea kanuni: nikimkuta mteja barabarani, nisimsalimie mpaka anisalimie yeye.

Kwa mtu wa Lubumbashi hilo ni gumu kuliko kitabu chochote cha sheria. Barabara ya Chaussée d'Ixelles ilijaa mamans, wamama wa kwetu, waliokuwa wamepita ofisini kwetu, na mimi nilipita katikati yao nimekaza macho mbele. Haikuchukua muda wakaanza kunisema. Mmoja aliyekuwa anauza samaki wakavu alimwambia mama mdogo kwamba mutoto wake amekuwa muzungu, anapita kama basi ya 71 iliyojaa, haisimamii muntu. Mama mdogo alicheka, kisha akaniuliza kama ni kweli.

Bwana harusi aliingia maishani mwetu kupitia kikundi cha sala. Alikuwa dereva wa gari jeupe la kusambaza vifurushi, mtu wa Likasi, mpole, mwenye kubeba mifuko ya wazee bila kuombwa. Alisema ni mjane; mke wake alifia kwao Likasi. Siku ya kwanza aliyolitaja jambo hilo, watu walimwekea mikono mabegani wakaomba kwa machozi. Dada yangu alikuwa miongoni mwao. Nilifurahi alipoanza kuja nyumbani kwetu. Alinitania kwa kuniita "yaya Maître," jina la heshima la mawakili, na aliosha vyombo baada ya kula.

Mara moja tu aliniuliza jambo la kazi. Tulikuwa jikoni, anakausha sahani. Alitaka kujua, mtu akijificha hapa Ubelgiji, akahama bila kusema anwani, kama mawakili wana njia ya kumpata. Nilidhani kuna mtu aliyemdhulumu. Nilimwambia iko njia kwa mwenye haki ya kutafuta, lakini anwani nyingine zinafichwa kwa makusudi, na hizo hata sisi hatupewi. Alikausha sahani ile muda mrefu. "Hata wewe?" akauliza. Nikasema hata mimi.

Wiki chache kabla ya siku ya mahari, mlezi wangu aliniita chumbani mwake nikatafsiri. Mteja alikuwa mwanamke wa Katanga ambaye Kifaransa chake kilikuwa kinakatika kila alipofika kwenye jambo lenye uzito. Alikuwa na mtoto wa kike aliyelala begani. Alisema kwa Kiswahili, nami nikasema kwa Kifaransa: kwamba aliletwa Ubelgiji na mume wake, wakaishi mji mwingine, na kwamba mume alikuwa akienda kazini anafunga mlango kwa nje. Kwamba hakumpiga mara nyingi, hakuhitaji. Kwamba alimwambia, ukiondoka nitawaambia watu kwamba umekufa, kisha nitahakikisha si uongo. Alitoroka siku ambayo fundi wa maji alikuja na ufunguo wa mwenye nyumba. Sasa alitaka talaka.

Mlezi wangu akauliza jina la mume.

Mwanamke alilitaja. Mlezi wangu alingoja, kalamu mkononi, akanitazama. Nilimuuliza yule mama jina la baba yake mume, na kazi yake, na kama ana kovu chini ya kidevu. Alinijibu yote, akaanza kunitazama kwa hofu, maana alikuwa hajasema neno lolote kuhusu kovu.

Nililitamka jina lile kwa Kifaransa. Kisha nikasema, kwa lugha zote mbili ili asiwepo asiyesikia, kwamba mtu huyo anakuja kwetu kuleta mahari ya dada yangu.

Mlezi wangu aliweka kalamu chini. Alimwambia mteja kwamba ana haki ya kwenda kwa wakili mwingine saa ile ile, na kwamba mimi sitagusa tena kesi hii kwa namna yoyote. Mwanamke hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi, na nakumbuka hakupandisha sauti, kwa sababu mtoto alikuwa amelala.

"Ukimwambia dada yako, atamuuliza," alisema. "Mwanamke anayependa lazima amuulize. Akimuuliza, mume wangu atajua nimefika kwenu. Atakaa chini hapo barabarani, angojee, anifuate mpaka ninapolala."

Nilimwambia, na dada yangu je?

"Mimi pia nilionywa," alisema. "Na nani? Na dada wa mume wangu mwenyewe, wa tumbo moja naye. Sikusikia."

Alipoondoka, mlezi wangu alifunga faili ndani ya kabati lake na ufunguo akautia mfukoni. Nilimuuliza kuna kitu gani ninachoweza kufanya. Akauliza, kama yule mama asingekuja kamwe, ungemwambia nini dada yako kuhusu ndoa? Nikasema ningemwambia kile ninachowaambia watu wote katika ushauri wa bure: commune kwanza, ofisi ya serikali inayosajili ndoa, mahari na kanisa baadaye, kwa sababu ndoa inayolindwa ni ile iliyosajiliwa. "Basi hilo ni lako," alisema. "Hukulipata kwake. Liseme, na usiongeze neno."

Commune isingeweza kumfungisha ndoa. Bado alikuwa na mke. Hapo ndipo nilipoweka tumaini langu lote.

Sasa turudi sebuleni. Tonton wao alianza kwa kupongeza nyumba, kisha akageukia kiti changu. "Bon," alisema, "sisi tulikuja kuona baba. Lakini naona kiti cha baba leo kiko na kitenge."

Papa wetu hakuchelewa. "Baba alikufa, tonton. Alituachia huyu. Kama unataka ule mwingine, ndege ya Lubumbashi iko, uende umuchimbe."

Walicheka, hata bwana harusi. Mazungumzo yakaenda kwa desturi: wakasema wameona ua, tukawauliza ua gani, dada yangu akaitwa, akatoka amevaa nguo ya rangi ya machungwa, uso wake unang'aa hivi kwamba sikuweza kuutazama. Papa akamuuliza mbele ya wote kama vitu hivi tuvipokee, tusije tukavila halafu akaturudisha sokoni. Akasema tupokee. Mama mdogo akapiga vigelegele. Wanawake wawili wakasogeza mabeseni mpaka kwenye miguu yangu. Lilibaki jambo moja tu, mimi kufunua vitambaa.

Niliweka mikono juu ya mapaja. Nikasema nawashukuru, lakini mabeseni haya siyafunui leo. Watangulie commune. Siku watakayotia saini, jioni yake walete mabeseni haya haya, na mimi nitayafunua nikiimba.

Vigelegele vya mama mdogo vilikatikia njiani. Tonton akasema mahari ni ya mababu, commune ni ya bazungu, tangu lini mababu wanangoja foleni? Mmoja wa wanawake akasema kwa upande, ili nisikie, kwamba muwanamuke asiye na bwana njo anafungaka mlango wa wengine. Dada yangu alinitazama tu. Nilikuwa nimesema lililo langu, na nilikuwa sijaongeza neno.

Papa wetu, kwa nia njema kabisa, alitaka kuokoa siku. "Alors, Maître," alisema, "tuambie commune inataka nini, vijana wakimbize karatasi, tusingoje mwaka."

Nilijibu kama ninavyojibu kila wiki kwenye meza ya ushauri, bila kufikiri, orodha nzima, kwa sababu wakili hufundishwa kutoacha kitu. Hati ya kuzaliwa. Uthibitisho wa makazi. Uraia. "Na kwa aliyefiwa," nikasema, "hati ya kifo cha mke."

Ni karatasi ambayo karani yeyote angeitaja. Lakini bwana harusi aliinua macho, na tabasamu likabaki usoni kama koti lililoachwa kwenye kiti, mwenyewe ameshatoka. Alinitazama kwa muda ambao wengine hawakuuona, maana walikuwa wanabishana. Kisha akasema, kwa upole wake ule ule:

"Iko Likasi. Nitaituma. Yaya Maître, weye unayua bintu mingi."

Mabeseni yaliondoka kama yalivyokuja. Dada yangu hakunipigia kelele. Aliniuliza swali moja, kama ninamwonea wivu, na niliposema hapana akaniuliza basi ni nini. Nikasema ni sheria. Wiki ile ile alifunga sanduku akahamia kwa yule mwanamume, kwenye nyumba moja ya Molenbeek karibu na mfereji, bila mahari, bila commune, bila baraka ya mtu.

Muda mfupi baadaye gari jeupe lilianza kusimama mbele ya ofisi yetu. Lilikaa kando ya dobi taa zikiwaka, kama lenye kifurushi cha kushusha. Halikushusha chochote. Nilimwambia mlezi wangu. Hakunilaumu, aliuliza tu nilisema neno gani, na nilipomwambia alifumba macho. Kuanzia siku hiyo alikutana na mteja wake mahali pengine ambapo sikuambiwa, na baada ya muda nilielewa, kwa namna alivyoacha kulitazama gari, kwamba mama yule amehamishwa mbali zaidi. Mimi niliendelea kupita mbele ya kioo cha gari lile kila asubuhi nikiwa na joho langu mkononi. Mwenye gari alinisalimia kila mara. Nami, kwa kuwa hakuwa mteja wetu, niliitikia.

Dada yangu aliacha kuja kwa mama mdogo. Kisha akaacha kujibu simu. Kule Uccle waliniambia ametuma ujumbe kwamba ni mgonjwa. Tulikwenda polisi, mimi na mdogo wetu. Walifika mlangoni, wakaongea naye, akawaambia yeye ni mtu mzima na hajambo. Hiyo nayo ni sheria, na nilikuwa nimeisomea mitihani.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilipanda ngazi za nyumba ile na sufuria ya chakula. Alifungua yule mwanamume, kidogo, akajaza ule upenyo kwa mwili wake. Alisema dada yangu amelala. Nikasema nitangoja. Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake bila kuufunga kabisa, akanisogelea, na kwa mara ya kwanza hakunitania.

"Unipe wangu," alisema, "nikupe wako."

Nilijua alichosema. Niliijua pia harufu ya sabuni mikononi mwake, maana alikuwa ametoka kuosha vyombo. Sikujua mama yule alikohamishiwa, lakini nilijua nani anajua, na nilizijua siku ambazo mlezi wangu alitoka ofisini kwenda kuonana naye. Ningeweza kumpa siku moja tu. Asingehitaji zaidi.

"Sijui unamzungumzia nani," nikasema.

"Unayua."

"Nimeleta chakula cha mdogo wangu."

Alichukua sufuria, akafunga. Nilisimama pale mpaka taa ya ngazi ikazimika, nikaiwasha, ikazimika tena.

Nilimwambia mama mdogo kwamba dada yangu amefungiwa. Hilo niliweza kulisema. Nililiona kwa macho yangu. Hakuniuliza zaidi. Aliwaita mamans wa kikundi cha sala, na Jumapili iliyofuata tulikwenda sote, tukafunga vitambaa kichwani kama wafiwa, tukatandika vitenge kwenye ngazi, tukakaa. Hatukugonga. Mama mdogo alianza wimbo wa kilio, polepole, wengine wakapokea. Majirani walifungua milango. Mwanamke wa Kimoroko wa ghorofa ya juu aliuliza nani amefariki, na tuliposema tunangoja kujua, alikwenda ndani akarudi na chai ya nanaa na mito ya kukalia.

Kwetu, kukalia kilio kwenye mlango wa mtu aliye hai ni kumwitia kifo, jambo ambalo hakuna anayelifanya. Yeye ni mtu wa Likasi. Alielewa kabla ya ubeti wa pili. Alimpigia simu tonton wake, na tonton akaja anahema, akasimama chini ya ngazi kofia mkononi.

"Bamama, nabaomba," alisema. "Humu hamuna maiti."

"Bon," mama mdogo alimjibu. "Basi mutoto atoke, tumuone kama iko muzima. Tukimuona, tunakunja kitenge."

Tulirudi Jumapili nyingine, tukiwa wengi zaidi. Yule Mmoroko alikaa nasi. Mwenye nyumba alikuja, akasimama, akaondoka kupiga simu. Wimbo ulikuwa katikati mlango ulipofunguka na dada yangu akatoka amevaa kandambili na sweta, amekonda, kidole kimoja cha mkono wa kushoto kimefungwa kijiti cha aiskrimu kwa plasta. Alipita katikati yetu bila kumtazama mtu. Nyuma yake, ndani ya giza la ukumbi, yule mwanamume alisema, "Yaya Maître, umeshinda kesi."

Kwenye metro dada yangu alikaa kando yangu, mamans wote wamesimama kutuzunguka. Alingoja mpaka treni ilipoanza kelele.

"Nilikuwa nyuma ya mlango," alisema. "Siku ile ya sufuria. Nilisikia alichotaka, na nilisikia ulichojibu."

Nilifungua mdomo. Akaniwekea mkono wake mzima juu ya goti, si kwa ukali, akageukia dirisha.

Talaka ya mama yule ilitolewa. Hilo nililijua kama wengine walivyolijua, siku mlezi wangu aliponipa ufunguo wa kabati lake. Yule mwanamume aliuza gari, akahama Brussels. Watu wanasema mengi kuhusu alikokwenda, na mimi bado hutazama kila gari jeupe lililosimama taa zikiwaka. Mlezi wangu aliandika kwamba ninafaa. Nilifaulu mtihani wa kusema mbele ya mahakimu, na mwisho wa mwaka wa tatu jina langu lilihamishwa kwenye orodha ya mawakili wenyewe. Jina la baba yangu lipo pale, kwenye karatasi ya Wabelgiji. Mdogo wetu alikuja na mama mdogo. Dada yangu alikuwa zamu Uccle. Nilimtafutia fomu nyingine za uuguzi, nikamwambia sasa ni zamu yangu kushika nyumba. Alizisoma, akanirudishia. Alisema wazee wake wamemzoea.

Miaka kadhaa baadaye yule mama alinipigia simu kutoka nchi nyingine. Ana jina jingine sasa, na mtoto yuko shuleni. Alisema hofu imemwisha, na ametia saini kunifungua: niseme, hata niandike, mradi nisimtaje jina. Kwanza, alisema, umwambie dada yako.

Nilikwenda Uccle siku hiyo hiyo. Nilimkuta bustanini wakati wake wa mapumziko, amekaa kwenye benchi, viatu amevivua. Nilimwambia nimeruhusiwa. Nilianza tangu mwanzo, chumbani kwa mlezi wangu, kalamu ikingoja jina. Hakunifikisha mbali.

"Usiniambie, yaya."

Nikasema ana haki ya kujua.

"Najua ninayo. Hukumtoa mwanamke mwingine ili unipate mimi. Ningekuwa mimi nimejificha, ningetaka wakili kama wewe. Hilo nimeshaliona." Alivaa kiatu kimoja, akakifunga kamba taratibu. "Lakini majira yale ya baridi, nyuma ya mlango ule, niliyalipa mimi. Ukishanieleza, utapumua, utasema yamekwisha. Mimi sijamaliza kukudai."

Nikamuuliza atanidai mpaka lini.

"Sijui," alisema. "Nitakapojua, nitakwambia uanze kulipa."

Akavaa kiatu cha pili, akarudi ndani kwa wazee wake. Hajaniambia bado.